Nilivyopanga magari ya wageni wa ufukweni, mji mzima ukadhani ni foleni ya mafuta

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Dar, wa Goma, wa Nairobi, na nyie wa hapa hapa Buja mnaosomaga kimya kimya bila kukomenti.

Hii ninayoandika imenitokea mimi mwenyewe, mtaani kwangu, mchana kweupe. Sijatia chumvi. Ndani yake kuna uongo mmoja tu, na niliusema mimi. Tukifika hapo nitawaonyesha.

Mnijue kidogo kwanza. Mi ni mama wa makamo, nauza vipuri vya gari Buyenzi na ndiko nilikozaliwa. Kiswahili changu ni cha Buyenzi, kwa hiyo walimu wa sarufi leo mnipumzishe.

Tulihamia kando ya ziwa, njia ya kwenda Gatumba. Mtaa wetu ni kinjia kimoja tu kinachotoka barabara kubwa mpaka kwenye maji. Ukiingia na gari unatokea pale pale ulipoingilia, maana mbele ni Tanganyika.

Zamani wageni wa ufukweni walikuwa na parking yao pale mchangani. Ziwa lilipopanda likaimeza yote, mpaka na ile miti ya kivuli. Siku hizi wanaopaki pale ni samaki.

Wageni lakini hawakuacha kuja. Jumapili watu wakitoka misa, mitaa ya mjini Rohero, Ngagara, Gihosha, wote wanateremka ziwani na watoto na masufuria ya chakula. Gari wanaliacha popote wanapoona kivuli, na kivuli kizuri kiko mbele ya mageti yetu. Ukienda kumtafuta mwenye gari unamkuta yuko ndani ya maji mpaka kifuani, anakupungia mkono akidhani umekuja kumsalimia.

Kuna majirani walitaka tufunge njia kwa mnyororo. Nilikataa. Ziwa si la baba yetu, na hata sisi tulikuja hapa tukiwa wageni.

Tukafanya kikao kwa jirani yangu Mama Nadine. Huyu mama anakaa na mumewe, mzee mstaafu, na binti yao Nadine ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza wa Nadine alitolewa kwa operesheni. Daktari alimwambia hivi: safari hii uchungu ukianza, usikae nyumbani hata saa moja, kimbia hospitali.

Sasa nyie msiokaa Bujumbura mwelewe kitu kimoja. Huku mafuta ya gari ni shida kubwa. Mtu anaweza kulala kwenye foleni ya kituo siku mbili, ya tatu akarudi mikono mitupu. Mzee alikusanya esansi, yaani petroli, kidogo kidogo, nusu lita huku, lita kule, mpaka akajaza bidoni moja ya njano, dumu la lita ishirini hivi. Ilikuwa ya siku ya Nadine. Bidoni ile ilikuwa inalindwa kuliko televisheni.

Mama Nadine akasema mbele ya kikao, "Mama Rehema, mi siombi mambo mingi. Geti yangu tu isifungwe."

Nikamjibu, "Geti yako naibeba mimi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya parking. Hakuna aliyenilazimisha, mdomo wangu ndio ulionitangulia.

Nikaipanga kazi yangu vizuri. Magari yote ya wageni yanakaa upande wa kushoto, kwenye ukuta mrefu usio na geti, moja nyuma ya jingine, pua kuelekea ziwani. Upande wa kulia, wenye mageti, haupaki mtu hata awe nani. Nikavaa kizibao cha njano cha kung'aa nilichokuwa nauza dukani. Nikashika daftari. Kila gari likiingia naandika namba yake na simu ya mwenyewe, ili nikihitaji lisogee nimpigie badala ya kuzunguka ufukweni nikiuliza nani mwenye Corolla nyeupe. Mnajua Corolla nyeupe ziko ngapi mji huu.

Wakuu, niseme ukweli, nilijisikia. Jumapili tatu mtaa ulinyooka kama uzi. Majirani wananisifu, mi nazunguka na daftari langu kama mkuu wa kituo. Kiburi kilikuwepo, sikatai.

Jumapili ya nne ndiyo yenyewe.

Wiki ile mafuta yalikuwa yamekauka kabisa mjini. Wageni waliokuja ni wale waliobakiwa na chochote kwenye tanki, lakini walikuja wengi, jua lilikuwa kali. Saa sita mstari wangu wa kushoto ulikuwa umejaa, kuanzia karibu na maji hadi mdomoni mwa barabara kubwa.

Sasa fikiria mtu anapita barabara kubwa. Anaona nini? Magari yamepangwa moja nyuma ya jingine, kimya, injini zimezimwa. Kuna mama amevaa kizibao cha njano anazunguka na daftari anaandika namba za magari.

Mtu wa Bujumbura hahitaji kuuliza hapo.

Gari la kwanza likaingia likasimama. Nikadhani ni mgeni amekosea upande. La pili likaja nyuma yake. Nilipogeuka tena, upande wangu wa kulia ulikuwa na mstari wa pili mzima, na akina mama watatu wanashuka kwenye pikipiki na bidoni tupu mkononi.

Nikawaambia hapa hakuna mafuta, hii ni parking ya wageni wa ziwani.

Mmoja akacheka. "Mama, liste si hiyo uko nayo mu mukono? Tuandike na sisi."

Nikasema tena, wallahi hakuna mafuta. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye kiu ya mafuta ukimwambia hakuna, yeye anasikia "ninawafichia ndugu zangu." Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyosogea karibu. Jamaa mmoja alinusa hewa akasema anasikia harufu ya esansi. Alinusa bidoni yake mwenyewe huyo.

Nikaanza kuwapigia wageni wangu waje waondoe magari, labda mstari ukivunjika watu wataelewa. Simu zinaita tu. Nguo ziko mchangani, wenyewe wako majini.

Akanijia mzee mmoja wa taksi, mtu wa Uvira, watu walikuwa wanamwita Papa Dieudo. Taksi yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa pili, pale mdomoni kabisa. Aliniamkia kwa adabu, akauliza kama naweza kumwandika hata wa mwisho. Kabla sijamjibu, geti la Mama Nadine likafunguka.

Nadine alikuwa ameshika nguzo ya geti kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo, macho yako chini. Nyuma yake mzee ameshawasha gari, na mbele ya geti kuna pickup ya watu, na nyuma ya pickup kuna nyingine, na nyingine, mpaka barabarani.

Mama Nadine aliniangalia tu. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

 Geti nililosema naibeba mimi lilikuwa limezibwa, tena na foleni niliyoifundisha mimi kupanga mstari.

Nikapiga kelele kwamba kuna mjamzito, tupisheni. Waliokuwa karibu walijaribu, lakini ya mbele haiwezi kutoka mpaka ya nyuma itoke, na wa nyuma hawaoni geti wala Nadine. Wao wanaona tu mtu anayetaka kuwatoa kwenye zamu yao. Huku kwetu zamu ya mafuta haiachwi kwa maneno.

Wakuu, huu hapa ndio uongo niliowaahidi.

Nikainua daftari juu, nikasema kwa sauti ya sokoni, "Mafuta yatatolewa uwanjani, ng'ambo ya barabara. Naanza kuandika upya. Atakayefika wa kwanza ndiye wa kwanza."

Hakuna gari lililosogea. Nilidhani haijashika.

Papa Dieudo akanitazama usoni. Akatazama geti. Kisha akageuka akaenda kwa taksi yake, akasema kwa sauti kubwa, "Mi natangulia," akaingiza mkono dirishani akashika usukani, akaanza kuisukuma kinyumenyume mwenyewe. Tanki lake lilikuwa kavu. Vijana wawili wakamsaidia, wakavuka barabara kubwa na taksi mikononi.

Wengine walipoona wa mwisho anakwenda kuwa wa kwanza, hapakuwa na haja ya neno lingine. Mstari wote ulirudi nyuma. Wenye tone waliwasha, wasio na tone walisukuma. Upande wa kulia ukabaki mweupe, na gari la mzee likapita mbele yangu, Nadine amelala kiti cha nyuma kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Nilikaa chini kwenye mchanga. 

Ningeweza kuingia ndani nikafunga mlango. Nilifikiria, sitawadanganya. Lakini wale watu walikuwa wamechoma matone yao ya mwisho kwa ajili ya neno langu, na walikuwa wananisubiri juani.

Nikavua kizibao, nikavuka barabara. Nikawaambia hakuna mafuta, halikuwepo tone tangu asubuhi, nimewadanganya, na sababu ni hii. Nikawaeleza kuhusu Nadine.

Nilitukanwa, msidhani niliimbiwa. Jamaa mmoja aliniambia mama mzima sina haya. Mwanamke mmoja aliikalia bidoni yake akaangalia pembeni. Wengi waliondoka polepole bila kuniaga.

Papa Dieudo alibaki, hakuwa na la kuondokea. Nikaenda kumwomba msamaha wake peke yake, maana nilimwona alivyosukuma, jasho linamtiririka.

Akaniambia, "Mama, apana. Mi nilijua ni uongo."

Nikamuuliza alijuaje.

"Huu uwanja mi naupita miaka na miaka, hakuna hata pompu. Tena niliona ule mutoto mwenye mimba kwa geti. Nikajua kama mimi siendi, hakuna mutu ataenda."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia watu ukweli.

"We ulisema ukweli tangu saa sita. Ulisaidia nini?"

Wakuu, mimi hapo nilikuwa najihesabu mjanja. Kumbe uongo wangu ulikuwa umesimama peke yake kama mlevi, na mtu mmoja ndiye aliyeushika mkono.

Alasiri Mama Nadine akapiga simu. Mtoto wa kike, mama mzima, mtoto mzima. Daktari alisema walifika kwa wakati, wangechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Nilimwambia Papa Dieudo, akavua kofia. Kisha akapanda basi kwenda kwake, taksi akaiacha uwanjani.

Nadine aliporudi nyumbani nilimhadithia yote. Akauliza ile taksi iko wapi. Nikamwambia iko pale pale, kila asubuhi naipita, vumbi limejaa hadi kwenye kioo.

Kwenye bidoni kulikuwa kumebaki esansi ya safari moja, ya kumrudisha hospitali kukaguliwa kidonda cha operesheni. Nadine akasema apewe yule papa. Baba yake akauliza na wewe utakwendaje na kidonda. Akasema, "Nitaenda na bus, baba. Yeye alisukuma."

Nilimpelekea bidoni mwenyewe. Papa Dieudo aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza tu siku ya hospitali ni lini.

Siku hiyo asubuhi nilitoka kufagia mbele ya nyumba yangu. Kulikuwa na taksi imeoshwa inang'aa, imeegeshwa upande wa kulia, mbele kabisa ya geti la Mama Nadine, pale ambapo gari la mtu yeyote haliruhusiwi. Papa Dieudo amefungua mlango wa nyuma, anasubiri.

Sikuiandika.

Nilichojifunza? Kupanga magari si kazi, kazi ni kujua anayepita nje anaona nini. Mimi niliangalia mstari wangu kutoka ndani ya mtaa, sikuwahi kwenda kusimama barabarani nikautazama kwa macho ya mtu asiye na mafuta. Siku hizi wageni wanapaki kimshazari, pua ukutani, yaani ukiona tu unajua hii si foleni. Kizibao nimekirudisha dukani, daftari naliweka kwenye mkoba.

Na kuhusu ule uongo, bado sijajua niuweke wapi. Imamu wetu nilimuuliza, akatabasamu akaniambia niwaombee dua wale niliowachomea matone yao. Nawaombea. Yule mwanamke wa bidoni simjui jina, kama yumo humu jukwaani, dada, nisamehe.

Nyie mngefanyaje, wakuu? Semeni bila kunionea huruma. Na mkipita njia ya Gatumba Jumapili mkaona magari mengi yamesimama, ulizeni kwanza.