Dulla na Ngumi za Roho

Mume wangu Dulla ni bondia, lakini hata chumvi ya duka la jirani anaifuata kwa pikipiki. Ana mwaka wa kumi na moja sasa anaendesha bodaboda hapa Kashaulili, na miguu yake imebaki ya kukanyagia breki tu. Ukimwambia akimbie, anakujibu ngumi ni roho. Pumzi anazo ng'ombe, anasema.

Miaka yote nabishana naye. Mimi nauza mchele sokoni, makuli nawaona: gunia la mwisho hubebwa na mwenye pumzi. Ila wenzake wa kijiweni wanamuunga mkono yeye. "Shemeji, roho kwanza," ananiambia Nyanda, ambaye hajawahi kupigana hata na mbu. Wananichosha, nyie, acha tu.

Bondia mwenzake, Anuari wa Majimoto, ameshampiga mara mbili ulingoni, zote kwa pumzi. Ile ya pili ilimwachia ukungu kwenye jicho la kushoto. Daktari alisema wazi, akiendelea kupigwa pale jicho litakufa. Nikaitisha kikao mbele ya kaka zake, akakubali kwamba akipigwa mara ya tatu anaacha.

"Na nikishinda?" akauliza.

Nikacheka. Ashinde kwa pumzi zipi? Nikamwambia mbele ya wote, ukishinda, endelea mpaka uzeeke.

Hata hivyo sikutaka auawe, nikawa namwamsha alfajiri akakimbie. Siku ya kwanza alirudi fulana imelowa chapachapa. Nikagusa ekzosi ya pikipiki: ya moto. Kumbe alienda kupiga soga, akajimwagia maji njiani. Hapo nilikata tamaa.

Pambano la tatu na Anuari lilikuwa Jumapili alasiri. Raundi ya tatu tu, Dulla anahema mdomo wazi. Ya nne Anuari alimpiga mpaka nikajifunika uso kwa mtandio. Lakini Dulla haanguki. Anatema damu, anamwita mwenzake kwa mkono, njoo. Kengele ya raundi ya tano ikalia, Anuari hakunyanyuka kitini. Kocha wake anamsukuma, yeye anatikisa kichwa tu.

"Nimempiga mpaka nimechoka," alisema. "Huyu mtu hamaliziki."

Watu wakavamia ulingo. Nyanda akanijia meno yote nje. "Si tulikwambia, shemeji?" Nilitamani kumzaba kofi.

Nyumbani nikamkanda Dulla uso kwa maji ya moto, nikingoja ajisifu. Badala yake akasema taratibu, "Mama Amira, ulichokuwa unasema ni kweli. Ni pumzi. Angenyanyuka yule, angenimaliza. Anataka turudiane Desemba. Kesho niamshe saa kumi na moja, nitakimbia kwa miguu yangu."

Miaka yote nimelililia neno hilo. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, na ilibidi ageuze kichwa chote ndipo anione kwa jicho la kulia.