Sari ya Kukata Mshazari

Yule mama wa Kifaransa aliyeninyima usingizi nilimjua kupitia simu ya mteja. Binti mmoja wa Kihindi kutoka Upanga alipanda ngazi hadi kwenye chumba changu cha kushonea, juu ya maduka ya vitenge Kariakoo, akaniamkia, akanionyesha picha ya gauni alilolibuni mama huyo. La zamani sana, lakini lilimkaa mvaaji utadhani limemwagwa mwilini. "Mama, unaweza kunishonea kama hili?" Mimi nina mdomo wa haraka. Nikamwambia hakuna gauni linalonishinda.

Ndipo akatoa kitambaa. Ilikuwa sari ya marehemu mama yake, ya pamba nyeupe nyepesi, ndiyo pekee iliyobaki baada ya nyingine kugawiwa. Alitaka igeuzwe gauni, alivae kwenye sherehe ya kuagwa kwake kabla ya harusi yake. "Baba hajui," akasema. "Huwa anaitunza kabatini kwake. Nimeichukua alipoenda bandarini kutoa mzigo." Nikajuta kuwa na mdomo.

Sari huvaliwa nzima, haikatwi. Hilo hata mimi mtu wa Lindi nalijua. Na mkato alioutaka ni wa mshazari: hufuati uzi, unakata kwa pembe, kona kwenda kona. Kitambaa kikikatwa hivyo kinalegea, kinavutika, kinafuata mwili. Ukikosea, ndiyo basi tena, na sari ya marehemu huipati dukani.

Nikawa namsoma yule mbunifu kwenye simu wakati wa chai. Alianza kushona akiwa mtoto. Aliolewa mapema, mwanawe akafa, ndoa ikavunjika, akaenda kushona ugenini. Baadaye akafungua nyumba yake ya mitindo Paris, akawavua wanawake mikanda ya kubana viuno, akawavisha magauni ambayo mtu anaweza kupumua ndani yake. Hakutegemea kuchora. Alikuwa na mwanasesere wa mbao, anamzungushia kitambaa mpaka kinakubali. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akaifunga, akaishi uzee mrefu kimya kimya. Mimi nikabaki najiuliza: mtu aliyezika mtoto anapata wapi mkono wa kukata bila kutetemeka?

Wangu haukuthubutu. Nikashona mwanasesere wa matambara, nikajaribu kwanza kwa marekani, kile kitambaa cha bei chee. Gauni la kwanza likapinda upande kama mtu mwenye kiuno kibovu. La pili likaning'inia tu. Lililofuata likakaa, jamani, likakaa vizuri mpaka nikaogopa zaidi, maana sasa sikuwa na kisingizio.

Siku ya kukata, binti alikuja kunishikia kitambaa. Nilikuwa nimeshapiga chaki ya buluu, mkasi mkononi, mara mlango ukasukumwa. Binti akasema, "Baba," akakaa. Kumbe mzee alikuta kabatini hamna sari, akakumbuka binti alivyokuwa akimsifia fundi wa Kariakoo.

"Shikamoo mzee," nikasema mbiombio. "Bado sijakata. Tazama mwenyewe, ni chaki tu, inafutika." Na moyoni namshukuru Mungu kwa uoga wangu wote ulionichelewesha.

Alipita katikati yetu, akaiinua sari mezani, akazika uso ndani yake na kuvuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Nani ameifua?"

Mafundi wa huku wote tunawaambia wateja neno moja: nguo iliyovaliwa usiniletee bila kuifua. Ni adabu. Binti alikuwa ameifuata adabu hiyo. "Mimi, baba," akajibu. "Niliifua vizuri, kwa mkono."

"Mimi sikuwahi kuifua," mzee akasema. "Tangu mama yako alipoivua."

Binti akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mtaani watu walikuwa wanapigiwa kelele wapishe mkokoteni. Nilitamani mzee anitukane, anifukuze, afanye lolote. Hakufanya. Aliilaza sari mezani, akainyoosha polepole mpaka mistari yangu ya chaki ikarudi sawa, halafu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi kata," akasema.