Bastola Niliyokosa Pa Kuiweka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya msiba wa mama. Ni asubuhi moja huko Jeddah, mbele ya mlango wa kliniki, nikiwa nimeinama ndani ya gari kumtoa Baba Mzee kwenye kiti. Alikuwa baba wa bosi wangu, na kisukari kilikuwa kimemmaliza miguu. Kila mara nilimnyanyua vivyo hivyo: mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, naye akinikumbatia shingoni kama mtoto. Siku hiyo mkono wake uliteleza. Ukashuka mgongoni mwangu, ukafika kiunoni, ukasimama. Chini ya shati langu kulikuwa na bastola.

Akauondoa mkono upesi, akatazama mlango wa kliniki. Nilimweka kwenye kiti cha magurudumu, nikakisukuma ndani, na jasho lililonitoka halikuwa la joto la Jeddah.

Nasikia siku hizi nanyi vijana mnaulizana: bastola ipi ni ndogo, ipi ni ya bei nafuu, ipi haionekani ukivaa shati. Mmoja wenu aliniuliza mimi mwenyewe, akidhani kwa kuwa nilikaa Saudia nimeona mengi. Nilimjibu kwa kukohoa. Leo nataka kujibu vizuri, maana niliwahi kuwa nayo, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikwenda Saudia miaka ile mawakala walipokuwa wakijaza ndege kwa vijana wetu. Nilijipenyeza katikati yao nikiwa tayari na mvi. Kwa umri sikuwa kijana. Ujana wangu ulikuwa wa kichwani, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu watu huona aibu kuukemea. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na leseni, nikapata kazi ya udereva katika nyumba moja mtaa wa Al-Rawdah. Kazi yangu kubwa ilikuwa Baba Mzee: kumpeleka kliniki, kumpeleka ufukweni jioni kupunga upepo, na mara kwa mara kumpeleka Riyadh kwa daktari wake wa siku nyingi. Ndege alizikataa. Alisema hapandi kitu asichoweza kuteremka akichoka.

Katika safari mojawapo ya Riyadh tulipata pancha jangwani. Nikiwa nimechuchumaa kwenye gurudumu, pikapu ilisimama, wakashuka vijana wawili. Walichukua simu yangu, wakanizaba makofi, mmoja akanitemea mate, wakaondoka wakicheka. Baba Mzee aliyaona yote kupitia kioo. Uchungu wa makofi uliisha kabla hatujafika Riyadh. Aibu haikuisha. Nilikuwa nimepigwa mbele ya mtu ambaye mimi ndiye miguu yake. Nikifumba macho niliwaona wale vijana, na katika ndoto zangu mkono wangu haukuwa mtupu.

Ndipo nikamwendea Omolo. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mlinzi, akiishi mtaa wa Ruwais.

"Buda, cheki," aliniambia, akiitoa ndani ya soksi. "Ndogo ka simu. Unaweka hapa, shati juu, halas. Hata bibi yako akikukumbatia hajui."

"Mbona rahisi hivi?"

"Mwenyewe anarudi nyumbani. Sasa ataipandisha ndege?"

"Imewahi kupigwa?"

"Kwani unaenda vita? Kazi yake ni kukaa tu. Ukijua iko, unatembea ka mwanaume."

Nikatembea kama mwanaume hadi kona ya kwanza. Hapo nikaona gari la polisi limeegeshwa, nikageuka na kupita uchochoroni. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yangu yote ya kumiliki bastola, mwanangu: kutoka mlangoni kwa Omolo hadi ile kona.

Sasa nikueleze jambo ambalo muuzaji hakuambii. Mfanyakazi anayelala kwa tajiri hana mahali pake. Chumba changu kilikuwa uani na hakikuwa na kufuli. Madam aliingia kukagua usafi alipotaka, fundi wa kiyoyozi aliingia, watoto waliingia kutafuta mpira chini ya kitanda changu. Gari halikuwa langu, na kila mtu wa nyumba ile alifungua visanduku vyake vya mbele na vya milangoni. Nilitaka kitu cha kunilinda njiani tu, siku za safari. Lakini hapakuwa na pengine pa kukiweka isipokuwa kwenye mwili wangu, basi kikakaa mwilini mchana kutwa, na usiku kikalala nami ndani ya fulana.

Joto la kule unalisikia kwa watu. Mimi nilivaa shati pana juu ya fulana, nikalitoa nje ya suruali, nikachemka. Jasho liliingia katika chuma kikaanza kushika kutu. Ngozi ya kiuno ilichubuka, nikawa nakaa upande upande kwenye usukani. Sikujua kama kinaweza kufyatuka chenyewe, wala sikuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo kila tuta la barabarani nilibana pumzi. Na mkono, mwanangu, mkono ulikuwa unakwenda kiunoni bila kutumwa.

Zainabu, dada wa Kwale aliyekuwa akifanya kazi za ndani, ndiye aliyeona kwanza.

"Kaka, mbona siku hizi washika kiuno kama mja mzito? Twambie basi, tuanze kushona nepi."

Alicheka mpaka akaweka chini bakuli alilokuwa akiosha. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni kukaza mkanda.

Sikukuu ya Idi, wanaume wa nyumba ile walipokumbatiana uani, bosi alinigeukia akafungua mikono. Mimi ni Mkristo, lakini kila mwaka alinikumbatia. Nikajifanya nimeshikwa na kikohozi, nikarudi nyuma. Aliishusha mikono yake polepole. Hakunifungulia tena.

Utauliza kwa nini sikuirudisha. Nilimpigia Omolo simu. "Mali ikiuzwa imeuzwa," alisema. "Na usinipigie tena, buda. Mimi sikujui." Utauliza kwa nini sikuitupa baharini. Ufukwe wa Jeddah umejaa familia na chupa za chai hadi alfajiri, na kila taa ina kamera. Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba moyoni bado nilikuwa nikiwangoja wale vijana wawili.

Basi, mkono wa Baba Mzee ulipogusa chuma, niliona maisha yangu yote yamewekwa juu ya ulimi wake. Mgeni kukutwa na bastola kule si jambo la kuombewa radhi. Nilimfikiria mke wangu akiambiwa kwamba niko gerezani, na hajui gereza lipi wala hadi lini. Usiku kucha nilisikiliza nyayo uani. Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa bosi anakuja na askari.

Asubuhi bosi alikuja kweli, lakini na mizigo. Tulikuwa na safari ya Riyadh. Alikaa kando yangu, Baba Mzee nyuma. Nilimtazama kwenye kioo njia nzima, nikingoja afungue kinywa. Alikuwa akihesabu tasbihi, akitazama mchanga. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikinunua na kukifunga mkanda.

Jioni, karibu na kuingia Riyadh, magari yalikuwa yamepanga mstari. Kizuizi. Askari walikuwa wakishusha madereva na kuwapapasa.

"Ikama," askari aliniambia, yaani kibali cha kuishi kule. Nikampa. Alitazama picha, akatazama uso wangu unaochuruzika jasho na kiyoyozi kinavuma. "Shuka."

"Huyu ni dereva wetu," bosi akasema.

"Nimesema ashuke."

Nilishika kitasa cha mlango. Hapo Baba Mzee akapiga ukelele nyuma yetu, ameshika kifua.

"Moyo wangu! Mnaniua barabarani! Huyo ndiye anayejua kunibeba! Hospitali, yalla, hospitali!"

Yule askari alikuwa kijana mdogo. Alinirushia ikama yangu. "Nendeni! Mungu amponye mzee wetu."

Nilikanyaga mafuta. Bosi alikuwa analia, akipiga simu hospitali, akigeuka nyuma kumshika baba yake mkono. Nikainua macho kwenye kioo. Baba Mzee alikuwa akinitazama. Hakuwa na maumivu yoyote usoni.

Tulipofika, bosi alikimbilia ndani kuita wauguzi. Tukabaki wawili. Tulizungumza kwa Kiarabu chetu cha nyumbani, maneno machache, lakini siku ile yalitosha.

"Umri huu wote," Baba Mzee akasema, "na leo nimemdanganya askari, nimemliza mwanangu. Kwa ajili yako."

"Nisamehe, Baba."

"Kile ni cha nini?"

"Cha wale vijana wa jangwani."

Alikunja tasbihi mkononi. "Siku ile nilimshukuru Mungu kwamba ulikuwa na spana tu, na spana yenyewe uliiweka chini. Walikuzaba makofi, tukarudi nyumbani wote. Ungekuwa na hicho, mama wa nani angelia? Wako au wao?" Akashusha pumzi. "Tangu jana nakuogopa. Wewe, unayenibeba."

Nilitamani anipige.

Alifungua mkoba wake wa dawa. "Tia humu. Nitamwambia mwanangu ni ya kwangu ya zamani, aipeleke panapostahili. Huo utakuwa uongo wa pili, na wa tatu sina. Wewe utarudi kwenu. Nitasema nimekuchoka."

Nilikuwa nimeshaitia mkobani bosi aliporudi na wauguzi wawili. Niliinama mlangoni kama siku zote, mkono mmoja ukitafuta magoti yake. Baba Mzee akainua kiganja kunizuia.

"Wanibebe hawa," alisema.

Hawakujua kumbeba. Mguu wake uligonga mlango wa gari, akaguna, safari hii kwa maumivu ya kweli, na mimi nilisimama pale nikitazama. Hazikupita siku nyingi nikapewa tikiti ya kurudi nyumbani. Sikumwona tena.

Mwanangu, wewe uliyeuliza ipi ni rahisi na ipi haionekani: hakuna rahisi, na huonekana. Huonekana katika mwendo wako, katika kicheko chako, katika namna unavyomkwepa anayekufungulia mikono. Kama umepigwa na ukarudi nyumbani, umeshinda, hata kama usiku huo hukulala kwa aibu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, waache wacheke. Kama unaogopa njia, tafuta mwenzako wa kusafiri naye, badilisha saa, badilisha njia, sema wazi kwamba unaogopa. Mimi sikusema kwa mtu yeyote kwamba naogopa. Nilikwenda kununua, na nikawatia hofu watu waliokuwa wakinipenda.

Mungu akulinde ugenini na nyumbani. Wenye nguvu wakikudhulumu, akupe kifua cha kubeba madhila yao. Wadhaifu wakikuegemea, wasikute kwako kitu cha kuwashtua. Uzeeke, ubebwe na mikono unayoiamini. Amina.