Alama ya Kujumlisha Mwishoni mwa Orodha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilisimama mbele ya mashine ya teleksi mjini Mahajanga mdomo wazi. Ilikuwa ikiandika yenyewe! Mtu aliyekaa Ulaya anabonyeza vitufe, na maneno yake yanatoka hapa kwetu, kwenye ofisi ya uwakala wa meli. Mkuu wa mawasiliano, ambaye sote tulimwita Sefo, alinicheka.

"Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia. Kaa uandike."

Alinifundisha kwa Kifaransa na Kimalagasi. Kiswahili hiki ninachoandika kilikuwa cha nyumbani kwa bibi yangu tu. Somo la kwanza: kila ujumbe wa teleksi unaishia kwa alama ya kujumlisha, ili wa upande wa pili ajue umemaliza. Asiyeiweka alifokewa mbele za watu.

Kompyuta zilipokuja nilipelekwa kusoma, nikarudi msimamizi wa mfumo, yaani mwenye kuamua nani aingie kwenye mashine na aguse nini. Sefo alihamishiwa kisiwa cha Nosy Be kuongoza ofisi yetu ya Hell-Ville, akajifunza kompyuta uzeeni, kwa ubishi. Tulipounganishwa na mtandao wa dunia nilirudiwa na ushamba wangu wa siku ya kwanza. Nilikaa tu nikitazama kioo, nikijiambia kwamba waya huu unafika kila mahali. Haikunijia akilini kwamba na kila mahali panafika kwetu.

Asubuhi moja tuligundua kwamba mapipa ya mafuta ya langilangi, yale ya kutengenezea manukato, kutoka Nosy Be yamechukuliwa bandarini na mtu asiye mwenyewe. Kwenye kompyuta jina la mpokeaji lilikuwa limebadilishwa, na aliyelibadilisha ni Zaina, karani wa shehena. Zaina alikuwa mama wa watoto, mkimya, wa familia ya Kikomoro, na kwa mji wetu hilo la mwisho lilitosha kuwafanya watu waanze kunong'ona.

"Mashine haina chuki na mtu," alisema Mkurugenzi. "Imeandika jina lake. Kesho namkabidhi kwa polisi."

Zaina alinishika mkono. "Dada, wallahi sikugusa."

Roho iliniuma. Na niliogopa, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwatambia watu kwamba mashine haidanganyi.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani ameingia na ametokea kompyuta gani. Zaina huyo alikuwa ameingia kutoka mashine ya mbali isiyo yetu, wala hakuulizwa neno la siri. Mifumo ya zamani ilikuwa na faili la mashine zinazoaminiwa: anayetoka kwenye mojawapo huingia kwa jina lake bila kuulizwa kitu. Nikalifungua. Lilikuwa na jina la mashine yetu na la ile ya Nosy Be, na chini kabisa, peke yake kwenye mstari, alama ya kujumlisha.

Ndani ya faili hilo alama ile ina maana moja tu: mashine yoyote duniani. Aliyejua kwamba karani wetu anaitwa Zaina alihitaji tu kujiita Zaina kwenye kompyuta yake, popote alipo. Kialama kidogo namna ile, na nyumba nzima haina mlango!

Zaidi yangu, ni Sefo peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuandika humo. Nikampigia simu.

"Sefo, uliongeza mashine yenu kwenye orodha?"

"Niliongeza, nikamalizia vizuri."

"Ukamalizia vipi?"

"Kwa kujumlisha, mwanangu. Kwani siku hizi mnamalizia na nini?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilipomweleza akasema, "Niunganishe na Mkurugenzi. Sasa hivi." Akajieleza mwenyewe, hakumsingizia mtu, na habari ya kumpeleka Zaina polisi ikaishia hapo. Heshima niliyokuwa nayo kwake iliongezeka siku ile.

Nilifuta alama, nikazima huduma yote ile ya kuaminiana, nikalifunga faili liandikwe na msimamizi peke yake. Nikatunga programu ndogo ya kulinganisha mafaili ya mfumo na nakala safi kila asubuhi, ili badiliko lolote lipige kelele. Mwizi hatukumpata.

Sasa nimestaafu, naishi Ambondrona kwa mwanangu. Wajukuu wananung'unika kila wanapodaiwa nywila, nami huwasimulia habari za Zaina aliporudi kwenye kiti chake. Aliwasha kompyuta, akaandika jina, na mara ya kwanza tangu tuunganishwe na mtandao, mashine ikamdai neno la siri. Akageuka, macho yamejaa machozi.

"Dada," aliniambia, "leo imeniuliza kama kweli ni mimi."