Kaseti ya Kwaya ya Izigo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika bisibisi, mwanangu. Nilikuwa kijana, fundi redio pale Muleba mjini, na nilikuwa najiona. Kusema kweli, nilikuwa na sababu: redio zilizowashinda mafundi wa Bukoba zililetwa kwangu, na ziliongea.

Mama Leokadia, mjane wa Izigo, aliniletea redio kaseti kubwa ya zamani, yenye ubavu wa mbao. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Sospeter, aliyeimba besi katika kwaya ya kanisani. Ndani yake mlikuwa na kaseti ya kwaya hiyo, na hakukuwa na nyingine iliyoshika sauti ya Sospeter.

"Nataka nimsikie tena," akaniambia.

Nilihangaika na ile redio wiki nzima. Nilibadilisha mkanda wa mpira, nikasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma kaseti, nikaunga upya nyaya zilizoliwa na kutu. Ilipoanza kuzungusha kaseti, nikataka kujua kama inarekodi pia, ingawa hakuna aliyeniagiza. Kaseti tupu sikuwa nayo. Duka lilikuwa jirani, nikaona uvivu, nikatumia ileile. Kitufe cha kurekodi kikagoma, kwa kuwa vile vidude vya plastiki mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimeng'olewa. Fundi yeyote anajua: mtu huving'oa ili kaseti isirekodiwe tena. Mimi nikaziba matundu kwa karatasi, nikabonyeza. Akaingia mteja, tukapiga soga, nikaisahau. Nilipoirudisha nyuma kusikiliza, nyimbo hazikuwepo. Tulikuwa sisi wawili tu, tunabishana habari za mpira.

Fundi mwenzangu akanishauri, "Mwambie redio imekula kaseti. Ataamini."

Angeamini kweli. Lakini nilifunga redio nyuma ya baiskeli, nikaenda Izigo. Nilimkuta anaanika kahawa, nikamweleza yote.

"Mae waitu!" akamaka kwa Kihaya, akakaa palepale kwenye mkeka. Kisha akauliza polepole, "Yale matundu uliyaona?"

"Niliyaona, mama."

"Ukayaziba."

"Niliyaziba."

Hakunitukana. Alilia, mwanangu, nami nikaendelea kugeuza kahawa yake, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Siku chache baadaye akaniita nije na kaseti mpya Jumapili. Baada ya ibada aliwakusanya wanakwaya waliobaki, akamsimamisha mwanawe Deogratias mahali aliposimama baba yake.

"Haya, rekodi," akaniambia. "Ungenidanganya, leo usingekuwa hapa."

Besi ya Sospeter haikurudi, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini redio ile bado inaimba, na nyimbo za Jumapili ile zimesikilizwa mpaka kisiwani Goziba, kwenye kambi za wavuvi. Kazi ya mikono yangu najivunia, sifichi. Najivunia zaidi safari ile ya baiskeli.

Basi mwanangu, ukikuta mwenzako amekifunga kitu kwa makusudi, usikifungue eti kwa sababu unaweza. Muulize kwanza. Na ukiharibu, nenda mwenyewe ukaseme, hata kama umeshatafutiwa uongo mzuri.

Mungu akupe mikono hodari kuliko yangu. Akupe na watu wa kukukabidhi vitu vya wapendwa wao, na kila wakija kuvichukua, uweze kuwatazama machoni.