Nusu Kikombe cha Rosina

Jua halijapanda juu ya mto, na Rosina yuko nyuma ya zahanati, Garsen, anapika karatasi.

Ndivyo wanavyosema wanawake wanaopita na ndoo za maji. "Leo umetia chumvi, Mama Gershom?" mmoja anauliza. Rosina hainui macho. "Pita ukirudi, nikuonjeshe," anajibu, na wote wanacheka wakiteremka mtoni.

Karatasi yenyewe ni nyeupe, ya kung'aa. Ameizungushia pipa dogo la shaba, naye analigeuza polepole juu ya moshi wa taa ya mafuta mpaka karatasi yote iwe nyeusi. Masizi yakiwa mazito, mstari wa kipimo haupiti. Yakiwa mepesi, hauonekani.

"Kazi hii haitaki pupa," anasema. "Ni kama uji wa mtoto. Ukigeuka kuongea, umeungua."

Pipa hilo ni sehemu ya mtambo uliokuja mwaka huu wa 1956 na daktari mmoja mgeni, mama mtu mzima mwenye miwani, anayechunguza ugonjwa wa kutetemeka. Watu wamemwita Daktari wa Mikono, na jina limemkaa. Mgonjwa hunyoosha mkono wa kulia na kushika kijiti chepesi. Kijiti kinavuta unyasi mwembamba, na unyasi unakwangua masizi huku pipa likizungushwa na mtambo kama wa saa. Mkono uliotulia huacha mstari mweupe ulionyooka. Mkono unaotetemeka huacha mawimbi.

Rosina, mjane wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Ngao, alikuwa akifagia zahanati na kuchemsha sindano. Sasa anapika karatasi, anawaketisha wagonjwa, na saa nne anawapa chai. Mshahara wake humtosha sukari na sabuni. Mahindi na ndizi anavipata shambani kwake, mto ukipenda.

Hiyo chai ina habari yake. Kila anayekaa barazani, mgonjwa au mzima, hupata kikombe cha bati kilichojazwa nusu tu. Hata Daktari hupewa nusu. Wagonjwa wamezoea kumtania kwamba ana mkono wa birika.

Hawajui alikoitoa tabia hiyo. Marehemu mama yake alitetemeka mikono yote miwili. Watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza njiani, na mama akaacha kula mbele ya watu. Rosina, angali msichana, alianza kumtilia nusu kikombe, kisha akawatilia wote nyumbani nusu, ili asionekane mmoja.

"Kama wote wana nusu, nani atauliza?" anasema. "Mama alirudi kukaa na sisi. Nami nikaona inatosha."

Mwezi uliopita, nusu kikombe hicho nusura kimponze mtu.

Mtu huyo ni Huka, mzee wa Kiorma anayechunga ng'ombe upande wa Minjila. Ni mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka zamani kidogo, na sasa hauachi. Alifika zahanati kwa miguu, na hakuficha kilichomleta.

"Binti yangu Dahabo anaolewa mvua ikiisha," alimwambia Rosina. "Kwetu, baba ya msichana anakunywa maziwa kwanza, mbele ya wakwe. Wote wanaangalia. Mimi nikimwaga, watasema Huka anaogopa. Mama Gershom, mkono hii si yangu tena. Inafanya kazi ya mtu mwingine."

Daktari alikuwa na vidonge vipya, lakini vichache. Angewapa wale ambao mtambo ungeonyesha wanatetemeka zaidi. Wengine wangengoja shehena nyingine, na hakuna aliyejua ingekuja lini.

Kwa kawaida Rosina ndiye huwapa wagonjwa kijiti. Siku ile Daktari, alipoona mzee ametembea kutoka mbali, aliinuka akampa mwenyewe. Rosina alifurahi sana. Akamnong'oneza Huka, "Pokea kwa heshima, Baba Dahabo. Ni mkubwa huyu."

Huka akapokea kama walivyofunzwa watu wa huku wote. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto ukiushikilia wa kulia chini ya kiwiko. Akabaki hivyo hivyo, maana si adabu kumkatia mkubwa heshima katikati. Shuka yake ilifunika mkono wa kushoto wote. Daktari alikuwa akitazama unyasi.

Mstari ukatoka karibu umenyooka.

"Mzee, mkono wako si mbaya," Daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, kwa upole. "Dawa ni kidogo. Wewe utangoja."

Huka alishukuru. Akatoka nje hadi barazani, akaichukua fimbo yake.

"Kunywa chai kwanza," Rosina alimwambia, akampa kikombe chake cha nusu. Huka akakipokea, wa kulia mbele, wa kushoto chini ya kiwiko. Kikombe kikatulia. Rosina akautazama ule mkono wa kushoto, akaliweka birika chini.

"Baba Dahabo, ndivyo ulivyoshika kule ndani?"

"Si wewe umeniambia?"

"Ni mimi. Rudi, tumweleze Daktari."

Huka alitikisa kichwa. "Yeye amesema. Mgeni amenipima, amenishika mkono vizuri. Mimi nimwambie yeye mwongo? Na nani atakubali? Hata chai hapa sijamwaga."

Hapo Rosina akaona jinsi alivyomfunika mzee huyu pande zote mbili. Chai nusu na heshima kamili, na ugonjwa hauonekani popote.

Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Niruhusu nikujazie kikombe. Mpaka juu. Ukishike kwa mkono mmoja, yeye akiona."

Mzee aligeuka kutazama. Barazani walikuwapo wagonjwa wengine, na mwanamke mmoja wa dukani aliyeleta sukari.

"Hawa watacheka."

"Wakicheka, wataanza na mimi."

Huka akaiegemeza fimbo ukutani. "Jaza," akasema.

Rosina anasema hajawahi kumimina chai kwa uzito kama ule. Akamwita Daktari mlangoni. Huka akashika kikombe kwa mkono wa kulia peke yake, na kabla hakijafika kidevuni chai ilikuwa imemwagika vidoleni, kwenye shuka, na juu ya mkeka. Ilikuwa ya moto. Hakukiachia. Aliendelea kukiinua mpaka kikafika mdomoni, kikiwa na tone tu.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa dukani alivua mtandio wake, akaanza kumpangusa vidole. Daktari alichuchumaa, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu," Rosina alimwambia. "Nilimwambia akupokee kwa heshima. Huku kwetu mkono wa kushoto husaidia wa kulia."

"Nami nilipenda kupokelewa hivyo," Daktari alijibu. "Sikutazama zaidi." Kisha akakitazama kikombe. "Na hii chai ya nusu, kumbe ni dawa yako?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi nilidhani sukari imeisha."

Wa kwanza kucheka alikuwa Huka. Walimpima upya, mkono wa kushoto ukiwa juu ya meza, na karatasi ikajaa mawimbi.

Asubuhi ya leo mzee yuko barazani tena. Amekwisha kuvizoea vidonge, ingawa analalamika vinamkausha kinywa. "Ng'ombe wangu wanakunywa kidogo kuliko mimi," anasema. Rosina amemwekea gudulia la maji pembeni, bila kuombwa. Mstari wake wa leo bado una mawimbi, lakini ni madogo, kama ya mto pasipo upepo. Daktari hakumwahidi zaidi ya hapo.

Sasa ni Rosina peke yake anayewapa wagonjwa kijiti. "Heshima iacheni mlangoni," anawaambia, "mtaikuta mkitoka." Lakini chai ni nusu vile vile, na Daktari mwenyewe ameomba isibadilishwe.

Mvua ikiisha, Rosina ataomba ruhusa ya siku mbili. Ataoga, atavaa leso mpya aliyoiweka, atakwenda arusini kwa Huka. Amealikwa na mzee mwenyewe. Anatumaini mkono ule utakuwa umetulia zaidi, lakini hakai akingoja vidonge peke yake.

"Kule hakuna mtambo," anasema, akiitandika karatasi nyeusi mezani. "Maziwa yanapokewa kwa mikono miwili, hata na kijana. Ashike kwa heshima yake yote."

Anapuliza chembe ya masizi iliyobaki kidoleni.

"Na Dahabo nimekwisha kumwambia. Kibuyu cha baba yako kisijae."