Manjano Yaliyokataa Kuwa Manjano

Ulikuwa mwaka tuliokula ugali kwa chumvi. Wauza mboga wa Nairobi walikuwa wamepakiwa kwenye malori ya serikali kupelekwa kizuizini, meza za soko zikabaki tupu, na kabichi ikawa kitu cha kuota usingizini. Nyinyi wajukuu mnaosukuma sukuma wiki pembeni mwa sahani, sikieni: mwaka huohuo wa kukosa kitoweo, mimi nilikuwa napaka maziwa kwenye mbao.

Sikupenda. Mume wangu alikuwa seremala wa kibarua Spring Valley, kwa memsahibu aliyeangalia watoto wa Wazungu wenzake mchana, ndani ya gereji yake. Alitaka wanyama wa mbao wa kuchezea. Rangi ya kopo hakuitaka. Ni ghali, tena ina sumu, na watoto wale walitafuna kila kitu. Alikuwa amesikia kwamba kwao zamani watu walipaka rangi ya maziwa. Wanyama wakimpendeza, mume wangu angepewa kazi ya kudumu na chumba nyuma ya nyumba, tukae naye mimi na binti yetu aliyekuwa bado anatambaa. Wasipompendeza, mimi na binti turudi kwetu magharibi kwa gari la moshi. Wakati huo tulijibanza kwa binamu yake Kangemi, na binamu alishaanza kukohoa kila tukiingia mlangoni.

Kazi ya rangi ikaniangukia mimi. Mume wangu alisema mimi ndiye mtu wa maziwa, kana kwamba kuzaliwa kwenye boma la ng'ombe ni ufundi.

Nilipewa maziwa yaliyoenguliwa malai, yale waliyokuwa wakinywa mbwa wa memsahibu. Nikayagandisha kwa siki, nikachuja kwa kitambaa, nikakanda na chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Mara ya kwanza yakatoka madonge, kama uji wa mvivu. Mara ya pili rangi ikashika vizuri, asubuhi ikabanduka magamba. Iliyofuata ilinuka mpaka binamu akahamisha godoro. Nilitukana ng'ombe, nikatukana mbao, nikamtukana na aliyezitengeneza. Mwishowe ikakubali. Ikikauka, hata kucha haiibandui. Pundamilia nikawachora mistari kwa masizi ya sufuria.

Twiga ndio walionimaliza. Nilikwenda kwa miguu hadi Ngara, kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu kutoka pwani, nikamwambia nataka rangi inayolika. Akanifungia manjano ya mchuzi. Nilipoyatia kwenye maziwa yangu, yakageuka mekundu nikiyaangalia, kama damu ya kuku. Nikarudi Ngara kugombana.

"Mwanangu, umetia chokaa?" akaniuliza, akacheka hadi akashika meza. "Manjano yakikutana na chokaa lazima yaone haya."

Alisema kwao kila mwanamwali anajua hilo, na sumu hamna. Basi nikawapaka twiga wekundu, potelea mbali. Binti yangu akamkamata mmoja, akamtafuna masikio, akalala vizuri.

Siku wanyama walipopelekwa kwa memsahibu, mume wangu alirudi nao wote guniani. Memsahibu alikuwa ameogopa. Ameambiwa ni manjano, anaona wekundu, na rangi nyekundu ya kopo ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Alitaka niende kesho yake, na mtoto.

"Anataka mtoto alambe kwanza," mume wangu akasema, akiangalia ukuta.

"Mtoto wangu si kijiko cha kuonjea."

"Mama mtoto, si ameshawatafuna masikio? Ni kitu kilekile."

Si kitu kilekile. Akitafuna mwenyewe, ni meno yanamwasha. Akipelekwa kutafunishwa ili mtoto wa mwingine awe salama, hilo ni jambo jingine, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikupata maneno ya kumweleza mume wangu. Mpaka leo sijayapata.

Nilikwenda na mume wangu, binti mgongoni, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Memsahibu alitupokea kwenye baraza ya nyuma. Hakuwa mkali, hata alimchekea mtoto. Nikachukua twiga, nikamlamba shingo nzima mbele yake, kuanzia kichwani hadi mabegani. Akatikisa kichwa.

"Wewe mkubwa. Tumbo ya mkubwa ngumu. Mimi nataka ona toto."

Akachukua twiga mwingine, akamsogeza mgongoni kwangu. Binti yangu akanyoosha mkono kumpokea, maskini, kwani alimjua, ni mchezo wake wa kila siku. Mume wangu akanikanyaga mguu. Uani nilikiona kile chumba, mlango wazi, dirisha lina kioo, sakafu imefagiliwa.

Nikaushika ule mkono mdogo, nikaurudisha ndani ya kanga.

"Mtoto wangu si kijiko cha kuonjea."